Safari ya Uwindaji Kusini mwa Afrika kwa Wanandoa Wastaafu: Maamuzi Yanayotangulia Risasi

Uwindaji wa kuongozwa ni utaratibu ambao mgeni mwenye kibali huwinda wanyama walioainishwa na sheria akiwa chini ya usimamizi wa mwindaji bingwa, yaani mtu aliyefaulu mitihani ya serikali na kupewa leseni ya kuwaongoza wengine porini. Katika kambi za Namibia, Afrika Kusini, Zimbabwe, Botswana na Zambia, wastaafu ni wageni wa kawaida, kwa kuwa safari ya namna hiyo hudai muda na fedha, vitu ambavyo kwa watu wengi hukutana tu baada ya kupokea kiinua mgongo. Makala haya yanajenga hoja kwamba kwa wanandoa wenye umri mkubwa matokeo ya safari huamuliwa zaidi nyumbani kuliko porini, na kwamba kipimo cha kuipangia ni hali ya mwili wa aliye dhaifu zaidi kati yao pamoja na mahitaji ya yule asiyewinda. Orodha ya wanyama wanaotamaniwa huja baada ya hayo.

Nchi, ardhi na msimu

Uamuzi wa kwanza ni wa nchi, na ndani ya nchi ni wa aina ya ardhi. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea mfumo ambao wanyamapori husimamiwa na serikali: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii katika vitalu vinavyotolewa na serikali kwa kampuni. Kusini mambo yamekwenda njia nyingine. Nchini Namibia, sheria ya hifadhi ya mwaka 1975 iliwapa wenye mashamba haki ya kuwatumia baadhi ya wanyama wanaoishi katika ardhi yao, na marekebisho ya mwaka 1996 yakafikisha haki ya namna hiyo kwa wanavijiji waliojiunga katika hifadhi za jamii, ambazo leo ni zaidi ya 80. Nchini Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1991 humlinda mwenye ardhi iliyozungushiwa uzio wa kutosha asipoteze umiliki wa wanyama wake, hata wakitoroka.

Tofauti hii ndiyo inayoamua maisha ya mgeni kambini. Katika shamba la watu binafsi kwenye nyanda za juu za kati za Namibia, kwa mfano katika maeneo yanayozunguka Windhoek au Otjiwarongo, mgeni kwa kawaida hulala katika nyumba yenye maji ya moto, hufika kwa gari kwa njia ya changarawe, na huwinda wanyama kama tandala mkubwa, choroa, kongoni, ngiri na springbok, ambaye ni swala mdogo wa nyika kavu. Katika vitalu vya bonde la Zambezi, wanakowindwa nyati na tembo, mgeni hutarajia hema, joto, mbung'o, mwendo mrefu wa miguu na mnyama anayeweza kumgeukia. Kwa wanandoa wanaokwenda mara ya kwanza, hasa ikiwa mmoja wao ana tatizo la moyo, magoti au pumzi, shamba la nyanda za juu ndilo chaguo la busara, na nyati anaweza kusubiri safari ya pili au asiwindwe kabisa.

Palipo na uzio pana maswali ya kuulizwa kabla ya kulipa chochote, nayo ni ukubwa wa eneo, muda ambao wanyama wameishi humo, na kama walizaliwa hapo au walinunuliwa mnadani wiki chache kabla ya wageni kufika. Mwenye shamba mwaminifu hujibu maswali hayo bila kuchukia. Simba waliofugwa na kisha kufunguliwa ili wapigwe risasi wamezua mgogoro mkubwa Afrika Kusini hata miongoni mwa wawindaji wenyewe, na mwenye kujiheshimu hujitenga na biashara hiyo hata anapoahidiwa bei nafuu.

Kuhusu msimu, uwindaji wa nyara nchini Namibia huruhusiwa kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Novemba. Nyara, kwa maana ya kisheria, ni pembe, ngozi, fuvu au sehemu nyingine ya mnyama inayohifadhiwa baada ya uwindaji. Miezi ya Mei hadi Agosti huwafaa zaidi wazee, kwa sababu majani yamepungua, wanyama hukusanyika penye maji, mbu ni wachache na mchana hauchomi. Hata hivyo, nyanda za juu za kati ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni au Julai huweza kuleta jalidi, yaani umande ulioganda. Abiria wa gari la wazi katika saa hiyo huhitaji koti zito, kofia ya sufu, glavu na blanketi, vitu ambavyo wageni wengi huviacha nyumbani kwa kudhani kwamba Afrika yote ni joto.

Mkataba na fedha

Gharama za uwindaji hugawanyika katika mafungu ambayo mgeni asiyeyajua huyachanganya. Fungu la kwanza ni ada ya siku, inayolipia malazi, chakula, gari na huduma ya mwindaji bingwa na wasaidizi wake. La pili ni ada ya mnyama, inayolipwa kwa kila mnyama anayepatikana na hutofautiana kwa spishi. La tatu ni gharama za kutayarisha na kusafirisha nyara, ambazo kwa mnyama mdogo huweza kuzidi ada yake mwenyewe. Bakshishi kwa wafanyakazi wa kambi, kodi ya ongezeko la thamani, vibali na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege hukamilisha hesabu, na ni lazima mkataba useme wazi kama kila kimoja kimo ndani ya bei au kiko nje. Anayeishi kwa pensheni, ambayo haiongezeki kwa sababu tu tandala mzuri amejitokeza siku ya mwisho, apange kiwango cha juu cha matumizi kabla ya kuondoka, akiandike, na amwonyeshe mwindaji bingwa siku ya kwanza.

Kipengele kimoja huwashangaza wageni kuliko vyote: mnyama aliyejeruhiwa na asipatikane hulipiwa kama aliyepatikana, na katika kambi nyingi tone moja la damu ardhini ni ushahidi wa kutosha. Kanuni hiyo ni ya haki, kwa sababu humfanya mwindaji asubiri nafasi nzuri, lakini inapaswa kueleweka mapema na wanandoa wote wawili ili isije ikawa chanzo cha ugomvi wa fedha mezani. Kipengele kingine ni cha marejesho. Sera za uwindaji hubadilika: Botswana ilisimamisha uwindaji mwaka 2014 na kuurejesha mwaka 2019, na Zambia iliuzuia kwa muda kuanzia mwaka 2013. Kwa hiyo mkataba ueleze fedha za amana zitakwenda wapi ikiwa serikali itafunga uwindaji, ikiwa mmoja wa wanandoa ataugua kabla ya safari, au ikiwa mgeni atalazimika kuondoka katikati.

Jina na leseni ya mwindaji bingwa yafaa kuandikwa katika mkataba, pamoja na idadi ya wageni atakaowaongoza kwa wakati mmoja. Mpango wa mwindaji bingwa mmoja kwa mgeni mmoja ni ghali zaidi kuliko ule wa mmoja kwa wageni wawili, lakini mwendo wake hufuata miguu ya mtu mmoja. Wanandoa wanaowinda wote wawili wanaweza kuchagua mpango wa pili kwa kupokezana siku, almuradi wasiunganishwe na mgeni wasiyemjua ambaye ana umri wa miaka 30 na anataka kutembea kilomita 15 kabla ya chakula cha mchana.

Mwandamani asiyewinda

Katika orodha za bei, mtu anayefuatana na mwindaji bila kuwinda huitwa mwandamani, na ada yake ya siku huwa ndogo kuliko ya mwindaji. Udogo wa ada hiyo huwadanganya wengi wakadhani kwamba mahitaji yake pia ni madogo. Wanandoa wengi hurudi wakiwa na kumbukumbu mbili zisizofanana: mmoja alishinda porini akiwa na shughuli tangu alfajiri, na mwenzake alishinda barazani akisubiri mlio wa gari. Dawa ya hali hiyo hupatikana katika mawasiliano ya kabla ya safari, ambapo mwandamani mwenyewe, bila kupitia kwa mwenzi wake, huandikia kambi na kuuliza kama ataruhusiwa kwenda na kikosi cha uwindaji, kama kuna gari na dereva wa ziada, na kama kuna njia salama za kutembea karibu na nyumba.

Namibia huwafaa wanandoa kwa upande huu pia, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Etosha, iliyotengwa tangu mwaka 1907, hufikika kwa barabara kutoka katika mashamba mengi ya kaskazini na kati. Siku 3 za kutazama tembo, vifaru na simba kwenye visima vya Etosha baada ya uwindaji humpa mwandamani sehemu ya safari iliyo yake. Ni vizuri pia mwandamani aseme mapema kama hataki kuwapo mnyama anapochunwa, na mwindaji asilichukulie jambo hilo kuwa ni udhaifu, kwa maana mtu anaweza kufurahia sana kufuata nyayo tangu alfajiri na bado asitake kuona kisu kikifanya kazi.

Mwili na dawa

Daktari anayemjua mgonjwa wake aonwe si chini ya miezi 3 kabla ya safari, naye aelezwe kwa usahihi kwamba mgeni atatembea katika ardhi yenye mawe na mchanga, kwenye hewa kavu ya nyanda za juu, mahali ambapo hospitali kubwa iko mbali kwa saa kadhaa. Wanaotumia dawa za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu hukaukiwa maji haraka katika hewa hiyo, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wajue kwamba mkwaruzo wa mwiba huweza kutoka damu kwa muda mrefu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani aulize hasa kama anaweza kuegemeza kitako cha bunduki upande huo, kwa kuwa msukumo wa bunduki huweza kukiharibu kifaa au nyaya zake.

Malaria ni hatari halisi katika mikoa ya kaskazini ya Namibia, kama Zambezi, Kavango na sehemu za Kunene, na ni ndogo katika nyanda za juu za kati wakati wa kiangazi. Dawa za kinga hazilingani: mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo la hatari na huendelea kwa siku 7 baada ya kutoka, wakati doksisaiklini huendelea kwa wiki 4 na huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Uchaguzi huo hutegemea dawa nyingine anazotumia mgonjwa, na kwa hiyo si wa kufanywa na muuzaji wa duka la dawa uwanja wa ndege. Wanaotoka katika nchi zenye homa ya manjano, kama Kenya na Uganda, huhitaji cheti cha chanjo. Kupe nao wasipuuzwe, kwa kuwa homa ya kupe ni ugonjwa wa kawaida wa wawindaji wa kusini, na dalili zake huweza kuonekana baada ya mgeni kurudi kwake, mahali ambapo daktari hataufikiria asipoambiwa mgonjwa alikotoka.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huacha nje uwindaji, maradhi yaliyokuwapo kabla, au watu waliovuka umri fulani. Wanandoa wasome maandishi madogo na wahakikishe kwamba bima inalipia kuhamishwa kwa ndege kutoka shambani hadi hospitalini. Dawa zote zibebwe katika mfuko wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, na nakala ya orodha yake apewe mwindaji bingwa siku ya kufika.

Bunduki na mazoezi

Mgeni anaweza kuja na bunduki yake au kukodi ya kambi. Kukodi huondoa usumbufu mwingi, hasa kwa anayepitia Johannesburg na kulazimika kuchukua mizigo yake hapo, ambaye hutakiwa kuwa na kibali cha muda cha polisi wa Afrika Kusini kinachoombwa kwa fomu namba SAP 520. Fomu hiyo hujazwa kwa wino mweusi na hutiwa saini mbele ya ofisa wa polisi, hivyo anayeisaini nyumbani kwa pupa huanza upya. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, zikiwa zimefungwa mbali na bunduki.

Sheria ya Namibia hupima nguvu ya bunduki kwa jouli, kizio cha nishati ya risasi inapotoka mtutuni: angalau jouli 1,350 kwa springbok na wanyama wa kimo chake, 2,700 kwa tandala, choroa na kongoni, na 5,400 kwa nyati na tembo. Bunduki ya kawaida ya kipimo cha .308 hutoa takriban jouli 3,500, kwa hiyo hutosha kwa karibu kila mnyama wa shambani, na teke lake, yaani msukumo wa kitako begani, huvumilika kwa bega la mzee. Bunduki kubwa inayomfanya mtu afumbe macho kabla ya kufyatua hujeruhi wanyama wengi kuliko inavyoua.

Risasi nyingi za kusini hupigwa kwa kusimama, bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja upande wa juu, kwa sababu nyasi na vichaka huziba macho ya anayelala au kupiga magoti. Mgeni aliyezoea kupiga shabaha akiwa ameketi mezani hugundua huko kwamba hajui kupiga. Vijiti vya namna hiyo vinunuliwe au vichongwe miezi mapema, na mazoezi yafanywe kwa utaratibu huu: kusimamisha vijiti, kuegemeza bunduki, kupumua, kufyatua na kupakia tena bila kuishusha, kwanza bila risasi na kisha kwenye uwanja wa shabaha kwa umbali wa mita 100. Mwenye mtoto wa jicho apimwe macho kabla ya mazoezi, kwa kuwa darubini ya bunduki haiponyi ukungu ulio ndani ya jicho.

Siku ya uwindaji

Kuna namna mbili kuu za kuwinda. Kunyemelea ni kumfuata mnyama kwa miguu, mbele akitangulia msaka nyayo, yaani mtaalamu wa kusoma alama za kwato. Kuvizia ni kumsubiri ndani ya kibanda kilichofichwa karibu na maji. Mzee mwenye magoti mabovu asione haya kuomba kuvizia, maana nayo hudai utulivu na subira.

Katika kunyemelea, mwindaji bingwa hubinya kifuko cha majivu laini kila baada ya hatua kadhaa ili auone mwelekeo wa upepo, na majivu yakimrudia kutoka upande wa wanyama huendelea, yakielekea kwao husimama na kuzunguka. Anapoona nafasi husimika vijiti, humnong'oneza mgeni ni mnyama yupi, na mgeni husubiri mpaka mnyama asimame ubavu. Shabaha sahihi ni juu ya mstari wa mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini, na aliyefundishwa kulenga nyuma ya bega atapiga mahali pasipofaa. Baada ya mlio mgeni hupakia tena na kubaki palepale. Damu nyekundu yenye povu huashiria mapafu, damu nzito nyeusi huashiria ini, na chembe za majani yaliyosagika huashiria tumbo, jambo linalodai kusubiri kwa muda kabla ya kufuata, ili mnyama alale badala ya kukimbizwa. Mgeni aliyechoka wakati huo aseme, na msaka nyayo aendelee bila yeye, kwa sababu wajibu wa kumaliza mateso ya mnyama ni mkubwa kuliko heshima ya kuwapo.

Nyama na nyara

Nyama kwa kawaida hubaki kuwa mali ya shamba au ya hifadhi ya jamii. Mgeni huila kambini, na inayobaki huuzwa, hugawiwa wafanyakazi au wanavijiji, au hukaushwa kuwa biltong, nyama kavu yenye chumvi na viungo. Msomaji Mwislamu anayetaka kula windo lake apate maelekezo ya shehe wake, na akubaliane na mwindaji bingwa mapema kuhusu kupiga bismillahi wakati wa kufyatua, nani atapiga risasi ya pili, na nani atachinja ikiwa mnyama atakutwa yu hai.

Kuhusu nyara, Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini Kutoweka, ujulikanao kama CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975, huweka spishi katika viambatisho kulingana na hatari inayozikabili. Tandala mkubwa, choroa na springbok hawamo. Punda milia wa milimani yumo katika kiambatisho cha pili. Chui yumo katika cha kwanza, chenye masharti makali zaidi. Sheria ya nchi anakoishi mgeni huongezwa juu ya hayo. Uholanzi ilizuia kuingizwa kwa nyara za spishi nyingi mwaka 2016, Ubelgiji ikapitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2024, na baadhi ya mashirika ya ndege hukataa kabisa kuzibeba. Kenya na Tanzania nazo huhesabu kumiliki nyara bila kibali kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mkazi wa huko apate kibali cha maandishi kabla hata ya kuchagua mnyama. Wanandoa wengi waliokwisha kuhamia nyumba ndogo baada ya kustaafu hufanya vyema kuacha nyara zote na kurudi na picha, na kwa kufanya hivyo huokoa fedha za siku kadhaa za kukaa zaidi.

Wanandoa wanaoifikiria safari hii waanze na mambo matatu kabla ya kulipa amana: waende kwa daktari wote wawili, wausome mkataba pamoja wakiwa na kalamu mkononi, na anayetaka kuwinda asimamishe vijiti na kujipima kwa mita 100. Anayeshindwa kuweka risasi zake zote ndani ya upana wa sahani ya chai kwa umbali huo aahirishe safari hadi aweze, na ikiwa mwenzi wake haoni sehemu iliyo yake katika ratiba, ratiba hiyo irudishwe kambini ikaandikwe upya.